Seva Tuliyoenda Kuitembelea

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Mama yangu, aliyeanza kuuza mboga Kawangware kabla sijazaliwa na bado anauza, alipolisikia neno hilo aliniuliza kama nimefukuzwa. Nikamweleza kwamba kustaafu si lazima kuwe kwa umri. Ni kufika mahali ambapo mwili umekataa mkutano mmoja zaidi wa kamati. Hakunielewa, kwa sababu yeye hana kamati. Ana mboga.

Brayo na Shiru, ninyi mnaokirithi kiti changu, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi hii. Siku ya kuniaga mlinipa beseni na hotuba. Beseni ninalitumia. Hotuba ilisema nimepanda ngazi kwa bidii, nami nashangaa ni ngazi gani, maana ofisini kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, nacho ni hicho kiti. Kwa hiyo tuliache hilo la ngazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika Kawangware 46 nikiwa na shahada ya sayansi ya kompyuta na maoni mengi. Ofisi ilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Ubao wa mlangoni ulisema: picha za pasipoti, laminesheni, fomu za serikali, website. Ndani alikuwepo Ouma, mtu wa Homa Bay, ambaye alikuwa ametengenezea tovuti makanisa, shule na vikundi vingi vya Kibera na Kawangware kuliko mtu mwingine yeyote niliyemjua.

"Umesomea nini?" akaniuliza.

"Sayansi ya kompyuta."

"Sawa. Na kuongea na kamati, mlifundishwa?"

Sikuwa nimefundishwa. Nilipitia masomo yote ya miaka minne kichwani na sikuliona hilo. Mpaka leo sijui kwa nini chuo kikuu hakilifundishi, wakati wahadhiri wenyewe hawafanyi kazi nyingine.

Wiki ile ya kwanza tulimpata mchungaji aliyetaka tovuti yenye ndimi za moto zinazocheza pande zote mbili za picha yake. Nilianza kubishana naye kuhusu rangi. Ouma akanivuta kando. Alisema watu hupigania rangi mpaka jioni, na hakuna hata mmoja anayeuliza tovuti italala wapi. Tovuti ni mpangaji, akasema. Lazima ikae kwenye kompyuta ya mtu, kompyuta isiyozimwa, ambayo inaitwa seva, na mwenye seva ni kama mwenye nyumba yeyote: kuna anayeziba paa kabla ya mvua na kuna anayeng'oa mlango wako ukichelewa kidogo. Mabango ya barabarani huita biashara hiyo hosting. Ouma aliiita kupangisha, nami nikaishika hivyo.

Kisha akamgeukia mchungaji. "Pasta, hii tovuti ikizima siku moja, nani atalia?"

Mchungaji alifikiri kwa uaminifu wake wote. "Kusema ukweli, hakuna."

Tukampangia chumba cha bei ya chini kabisa, na moto wake ukawekwa pande zote mbili. Hajawahi kulalamika. Nadhani naye hajawahi kuifungua.

Lakini wengi wangelia, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mimi nina tabia ya kuuliza maswali hata mahali ambapo chai imeshamiminwa, na kwa kazi hii tabia hiyo ina faida. Kampuni inapokuambia nafasi yake haina mwisho, uliza mwisho wake uko wapi. Upo. Umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa ambao hata walioutunga hawajarudi kuusoma. Inapokuambia seva yake huwa hewani asilimia tisini na tisa ya wakati, uliza hiyo moja inayobaki huangukia siku gani. Kwa uzoefu wangu huangukia siku ya matokeo ya mtihani kwa shule, na siku ya harusi kwa mpiga picha.

Chombo changu kikuu cha kazi hakikuwa kompyuta. Kilikuwa simu. Kabla ya kumpendekezea mtu kampuni yoyote nilikuwa naipigia Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, na kusema nina shida ambayo sina. Kampuni moja yenye bango kubwa kuliko nyumba yetu iliniwekea muziki mpaka salio likaisha. Nyingine ilinipa jamaa aliyepokea akiwa kwenye mazishi ya shangazi yake Busia, na akanisaidia kwa kunong'ona, hatua kwa hatua, huku nyuma yake watu wakilia. Nilimpenda sana yule. Hata hivyo nilimwondoa, kwa sababu kampuni ya mtu mmoja hulala mtu huyo akilala, na huzikwa akizikwa.

Jambo la pili: kila kampuni husema huweka nakala ya akiba ya tovuti yako. Usiwaamini mpaka uwaombe wakurudishie ya jana. Na wewe weka yako mwenyewe, kwenye flashi, kila wiki, hata kama unampenda mwenye seva kama ndugu. Na ukitaka kujua tabia ya mwenye nyumba usimuulize mpangaji aliyepo, huyo anaogopa. Muulize aliyehama, na muulize kama aliruhusiwa kutoka na kitanda chake.

Hayo yote nilikuwa nayajua vizuri kabisa siku tuliyoenda kuombea friji. Kwa hiyo msidhani kujua kunatosha.

Mteja alikuwa kikundi cha akina mama mafundi wa cherehani kule Lindi, ndani ya Kibera. Mwenyekiti alikuwa Mama Mueni, wa Kitui, mwanamke mrefu anayeongea taratibu kama mtu anayepima kitambaa. Mweka hazina alikuwa Mama Achieng, na huyo haongei taratibu. Walishona sare za shule, lakini sifa yao ilikuwa majoho ya kwaya. Wakati ule umoja wa kwaya za Eldoret ulikuwa unatafuta fundi wa kushonea kwaya zake zote kwa ajili ya tamasha. Kamati ya Eldoret ilisema itaangalia kazi za mafundi mtandaoni, Jumapili moja baada ya ibada, wote wakiwa wamekaa pamoja. Akina mama wa Lindi walikuwa na chumba kimoja cha kushonea, na kazi za kulipia kodi ya chumba hicho zilikuwa zimekauka. Wakiipata Eldoret, kikundi kinabaki. Wakiikosa, kila mmoja angebeba cherehani yake na kurudi kushona mlangoni kwake, na kikundi kingebaki kuwa picha ya pamoja ukutani.

Niliwatengenezea tovuti. Picha zilikuwa nzuri. Joho moja la buluu lenye mkufu wa nyuzi za dhahabu lilimfanya hata Ouma anyamaze. Kisha nikaitisha mkutano wa kuchagua nani aipangishe. Niliwaletea kampuni mbili nilizokuwa nimezijaribu kwa simu na kwa wapangaji waliohama. Nikaeleza vizuri, kwa mifano.

Mama Mueni akasikiliza mpaka mwisho. "Na hii seva, tumeiona?"

"Haionekani, Mama Mueni. Moja iko ng'ambo. Nyingine iko kwenye jengo lenye ulinzi, hawaruhusu watu."

"Mwiitu wakwa," akasema, na akiniita binti yake kwa Kikamba najua nimeshindwa, "wewe unaweza kuhamia nyumba bila kuona choo?"

"Hapa hakuna choo, mama."

"Ndiyo maana tunataka kuona."

Chumba kizima kikakubaliana naye. Mama Achieng akasema kuna kijana anaitwa Davi, ana kampuni yake ghorofa ya tatu karibu na barabara ya Naivasha, na kwamba yeye husali kanisa moja na mamake. "Huyo ana seva yake hapahapa Kawangware. Ikiharibika tunaenda tunamkalia kwa mlango. Ya ng'ambo tutaikalia wapi, nyathina, mwanangu?"

Nataka mlielewe hilo vizuri, kwa sababu mtakutana nalo kila wiki. Si ujinga. Mtu aliyehama nyumba mara nyingi Kibera amejifunza kwamba kitu usichoweza kukigonga kwa kiganja si chako. Ni mbinu nzuri sana ya kukodi chumba. Tatizo lake ni kwamba seva si chumba, na hilo sikuweza kulieleza, hata baada ya kuwa mimi mwenyewe nimewaambia tovuti ni mpangaji. Nilinyongwa kwa mfano wangu mwenyewe.

Basi tukaenda kuitembelea. Walivaa sare ya kikundi. Mama Achieng alibeba thamosi na mandazi, kwa kuwa hakuna anayeenda kwa watu mikono mitupu. Davi alitupokea kwa suti, kijana mpole mwenye kadi za biashara zilizonukia wino mbichi. Alitupeleka mwisho wa korido, kwenye mlango wa chuma wenye kufuli.

"Iko hapa ndani," akasema. "Siwezi kufungua, vumbi inaingia. Lakini sikieni."

Tukasikiliza. Nyuma ya mlango kitu kikubwa kilikuwa kinanguruma, kinatulia, kinanguruma tena.

Mama Achieng akaweka kiganja kwenye chuma. "Inapumua," akasema.

Nilimuuliza Davi stima ikipotea inakuwaje. Akasema hiyo iko sawa. Nikamuuliza nakala za akiba anaziweka wapi. Hiyo pia iko sawa. Nikamuuliza ni nani amewahi kuhama kwake. Akatabasamu kwa huzuni kidogo na kusema hakuna aliyewahi kutaka kuhama. Nikamwomba afungue mlango dakika moja tu, mimi nitajifunika pua.

"Nduku, wacha kijana apumue," Mama Mueni akasema. "Kila kitu kwako ni kesi."

Kisha wakafumba macho na kuiombea seva. Walikuwa wameweka mikono mlangoni, na Mama Achieng aliomba kwa Kijaluo na Kiswahili, akitaja joto, wezi, wivu na panya. Mimi sikufumba. Davi naye hakufumba. Tuliangaliana juu ya vitambaa vya kichwa vya akina mama, na nakumbuka nilidhani ameguswa.

Walipiga kura, na shahada yangu ikashindwa na mlango. Nilifanikiwa kwenye jambo moja tu: jina la tovuti liandikishwe kwa Mama Mueni mwenyewe, mahali pengine, si kwa Davi. Davi alisema huo ni usumbufu bure. Nikawaambia akina mama kwamba jina ni kiwanja na seva ni nyumba tu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kila mtu akanielewa. Hakuna mtu wa Kibera anayehitaji kufafanuliwa tofauti ya mwenye kiwanja na mwenye nyumba.

Tovuti ikaenda vizuri, na akina mama wakanikumbusha kila nilipopita Lindi kwamba inaenda vizuri.

Jumapili yenyewe ya Eldoret niliamka na kuifungua tovuti kabla ya chai. Hapakuwa na joho la buluu. Palikuwa na ukurasa mweupe na maneno machache: akaunti hii imesimamishwa. Nikampigia Davi. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Nikampigia Mama Mueni, ambaye alikuwa ameshavaa kwenda kanisani, na tukakutana chini ya jengo lile karibu na barabara ya Naivasha, yeye na Biblia yake, mimi na kompyuta.

Ofisi ya Davi ilikuwa imefungwa. Lakini mwisho wa korido ule mlango wa chuma ulikuwa wazi, na kile kitu kilikuwa bado kinanguruma. Mama Mueni akaharakisha. Ndani tulimkuta Njoroge, mwenye kiosk cha chini, ameinama, anatoa soda kwenye friji.

"Hii ni nini?" Mama Mueni akauliza.

"Friji." Njoroge alimwangalia kama anayeshuku swali lina mtego. "Yangu. Kule chini hakuna nafasi. Davi aliniambia nilete huku juu, hata hanilipishi. Alisema anapenda sauti yake."

"Na kitu kingine ndani ya hiki chumba?"

"Kreti."

Mama Mueni akaingia, akazunguka friji, akachungulia nyuma yake. Sijui alitarajia nini huko nyuma. "Ni hii tuliyoiombea," akasema mwishowe.

"Mliiombea nyinyi?" Njoroge akasimama wima. "Asanteni. Tangu mwezi huo haijanisumbua hata siku moja. Ilikuwa inavuja."

Sikucheka. Nataka hilo lieleweke. Nilicheka baadaye, mbali na hapo.

Tulikaa kwenye ngazi. Nilimwambia Mama Mueni tovuti haijafa. Nakala yake ninayo kwenye flashi, na jina ni lake, kwa hiyo tunaweza kuhama sasa hivi bila ruhusa ya mtu. Nikapigia mojawapo ya zile kampuni mbili zilizokataliwa, ile ya kwenye jengo lenye ulinzi. Akapokea msichana mmoja anayeitwa Chebet, ambaye aliuliza shida ni nini kabla ya kuuliza jina langu. Mama Mueni alinyoosha mkono, akachukua simu.

"Wewe binti, leo ni Jumapili. Mbona uko kazini?"

"Niko zamu, mum. Nilienda misa ya asubuhi mapema."

Mama Mueni akanirudishia simu. "Huyu ni sawa," akasema. Ndivyo kampuni ile ilivyochaguliwa. Miezi yangu yote ya utafiti iliongezewa misa ya asubuhi, ikapita.

Kupandisha tovuti hakukuchukua muda. Tatizo ni lile ambalo halina dawa: ukilielekeza jina kwa seva mpya, habari husafiri polepole. Simu nyingine huona nyumba mpya mara moja, nyingine zinaendelea kugonga ile ya zamani mpaka kesho. Nilimweleza hivyo. Akauliza ya Eldoret itagonga ipi. Nikasema sijui. Akaifungua Biblia yake lakini hakusoma.

Mama Achieng, aliyekuwa ametufuata kutoka kanisani, alimpigia mwalimu wa kwaya wa Eldoret, Bi Jeruto, ambaye ndiye aliyewaita. Tulisikia ukumbi mzima nyuma yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefungua tovuti ya Lindi na kuona ukurasa mweupe. Mwingine naye vilevile. Mwenyekiti akasema kwa sauti, tukimsikia, kwamba fundi ambaye hawezi kutunza mlango wake hatatunza joho.

"Jaribu kwa yako," Mama Achieng akamwambia Jeruto. "Tafadhali dadangu, jaribu kwa yako."

Jeruto akaifungua, akasema, si kwetu bali kwa ukumbi, "Mbona yangu inafungua? Si mko na macho? Angalieni hii ya buluu." Tukasikia viti vikisogezwa. Simu yake ilipitishwa mkono kwa mkono, na katika kupitishwa mtu akaibonyeza, ikakatika. Mama Achieng alipopiga tena haikupokelewa. Wiki hiyo hakuna aliyetaka kuongea na mimi kuhusu jambo lolote la mtandao, na sikuwalaumu.

Siku chache baadaye nilienda Lindi kuwakabidhi akina mama nywila zao mpya. Cherehani zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Ndani ya chumba, katikati ya kelele, Davi alikuwa ameketi juu ya rundo la vitambaa, bila suti, na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amekuja mwenyewe. Hilo nililiheshimu, na bado ninaliheshimu.

"Nilikuwa nakodi nafasi kwa wengine, ng'ambo," alikuwa anaeleza. "Mimi ni kama dalali tu. Niliweka watu wengi kwa chumba moja, wenye seva wakaona, wakafunga. Simu nilizima kwa sababu ya aibu."

"Na friji?" Mama Achieng akauliza bila kuinua mguu kwenye pedali.

Davi akaangalia chai yake. "Nilipoanza, nilikuwa naambia kila mtu ukweli. Kwamba iko mbali, haionekani. Hakuna hata kikundi moja ilinipatia kazi. Wote walitaka kuja kuona. Wakakuja, wakauliza iko wapi, na Njoroge alikuwa ametoka tu kuniomba pa kuweka friji." Akamgeukia mwenyekiti. "Mama Mueni, ningewaambia ukweli, mngenikubali?"

Cherehani zikasimama moja baada ya nyingine. Nilimtazama Mama Mueni, na nikiri nilikuwa na jibu langu tayari, refu, lenye hoja. Hakuna aliyeniuliza.

"Hapana," Mama Mueni akasema. "Hatungekukubali." Akafikiri tena, kwa haki, kama anayepima mara ya pili kabla ya kukata. "Hata leo hatungekukubali."

Akaisukuma meza ya kukatia, akachukua mkasi.

"Sasa inuka hapo, kijana. Umekalia kazi ya Eldoret."